Kikombe cha Maziwa na Kikombe cha Mvinyo

Alasiri moja, baada ya sala, alinijia barazani bibi mmoja wa mtaa wetu. Alitoa salamu, akaketi, akanyamaza kitambo. Kisha akafungua pembe ya leso yake akatoa kichupa kidogo cha vidonge.

"Maalim," alisema, "nataka unisomee hiki. Mwanangu wa pili anakunywa. Wewe wajua, na mtaa mzima wajua, ila watu wananistahi tu. Sasa ameniletea hiki, akaniambia, 'Mama, usilie tena. Humu mna vijidudu vizuri. Nikimeza hivi na bakuli la mtindi, pombe hainidhuru ini wala akili.' Maalim, ni kweli? Maana kama ni kweli, angalau nilale usiku."

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wiki moja. Nilisoma, nikauliza, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa sababu najua nyumba yake siyo peke yake yenye msiba huu katika pwani yetu, ingawa kila mmoja hufunga mlango wake akadhani ni yeye tu.

VIKOMBE VIWILI

Kila aliyesoma khabari za usiku wa Miiraji anakumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa vyombo viwili, kimoja cha maziwa na kimoja cha mvinyo. Akachagua maziwa, akaambiwa kuwa ameongozwa kwenye fitra, yaani umbile safi aliloumbiwa mwanadamu. Na katika Suratun Nahl aya mbili zimefuatana, ya 66 na ya 67: ya kwanza yataja maziwa, na ya pili yataja matunda ya mitende na mizabibu ambayo watu hufanyia ulevi na pia riziki njema.

Baadaye katazo lilikuja kwa daraja. Suratul Baqara aya ya 219 ilieleza kuwa katika ulevi mna dhambi kubwa na manufaa, na dhambi ni kubwa kuliko manufaa. Suratun Nisaa aya ya 43 ilikataza kuikaribia sala katika hali ya kulewa. Kisha Suratul Maida aya ya 90 ikakata shauri, na siku ile mvinyo ulimwagwa mpaka ukatiririka katika njia za Madina.

Muislamu hangojei maabara ndipo aache kileo. Amri ya Mola wake yamtosha. Lakini ni ibra kubwa kuona jinsi wataalamu, wengi wao si watu wa dini yetu, walivyokwenda safari ya miaka mia mbili wakivifuata vikombe hivi viwili, cha maziwa na cha mvinyo, mpaka wakafika mahali pamoja: ndani ya matumbo ya mwanadamu, na kutoka hapo mpaka kwenye ubongo wake.

MTU MWENYE TUNDU LA TUMBO

Tuanze Marekani ya Kaskazini, mwezi wa Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac. Kijana mmoja Mkanada, Alexis St. Martin, aliyekuwa akifanya kazi ya kusafirisha ngozi za wanyama, alipigwa risasi ya bunduki kwa bahati mbaya, karibu kabisa. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu bila ya kutumaini kuwa ataishi. Akaishi, lakini jeraha halikuziba. Lilibaki tundu ubavuni linaloingia moja kwa moja katika mfuko wa tumbo, na daktari akaweza kuchungulia ndani kama mtu anayechungulia dirishani.

Kwa miaka kadhaa Beaumont alitazama jinsi chakula kinavyosagika tumboni, na mwaka 1833 akachapisha kitabu chake. Ndani yake mna jambo moja linalotuhusu sana. St. Martin alikuwa mnywaji. Siku alizokunywa mfululizo, Beaumont alitazama ndani akaona ngozi ya tumbo imekuwa nyekundu, imevimba, na ina vidonda hapa na pale. Akamuuliza mwenyewe anajisikiaje. Alikuwa hana shaka kubwa, anakula na kufanya kazi kama kawaida.

Ndugu msomaji, simama kidogo hapa. Daktari anaona moto ndani ya nyumba, na mwenye nyumba hasikii hata harufu ya moshi. Hii ndiyo hila ya kwanza ya kileo: kwamba maungo ya ndani huumia kabla mtu hajaumwa. Wanywaji wengi husema, "Mbona mimi sina kitu?" Na St. Martin naye, kama angeulizwa, pengine angesema hivyo hivyo.

HAMIRA NA CHACHU

Sasa twende Ufaransa, katika mji wa Lille, mwaka 1856. Mwenye kiwanda kimoja cha kutengeneza spiriti kutokana na viazi vya sukari alikuja kwa Louis Pasteur akilalamika kuwa baadhi ya mapipa yake yanaharibika. Badala ya kutoa kileo, yanatoa maji machungu machachu. Pasteur alitia tone la kila pipa chini ya hadubini. Katika mapipa mazima aliona viini vya mviringo vya hamira. Katika yale yaliyoharibika aliona viumbe vingine, vidogo zaidi, mfano wa vijiti. Mwaka 1857 alitangaza kuwa vijiti vile ndivyo vinavyofanya asidi ya maziwa, yaani ule ule uchachu wa mtindi.

Basi vikombe vyetu viwili vilikutana chini ya kioo kimoja. Hamira hugeuza sukari kuwa kileo, na bakteria wa maziwa huigeuza sukari kuwa uchachu.

Sisi watu wa pwani tulikuwa tukiyaona mambo haya kwa macho bila ya hadubini. Mgema akishusha tembo asubuhi huwa tamu. Jua likipanda huwa kali na hulevya. Likiachwa siku kadhaa huwa siki, na siki haina ulevi. Na bibi zetu wakiweka maziwa katika kibuyu, hulala yakaamka mtindi. Kazi zote hizo hufanywa na vijidudu, na kila kijidudu na kazi yake. Basi mtu akikwambia "vijidudu vizuri", neno hilo peke yake halitoshi. Muulize: ni vipi, na vizuri kwa kazi gani?

MZEE WA PARIS NA MAZIWA YA BULGARIA

Mwanafunzi mmoja wa elimu hii alikuwa Ilya Mechnikov, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1845, akahamia Paris mwaka 1888 kufanya kazi katika taasisi ya Pasteur. Mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel, pamoja na Paul Ehrlich, kwa kueleza jinsi chembe nyeupe za damu zinavyomeza viini vya maradhi.

Uzeeni mwake Mechnikov alishughulishwa na swali moja: kwa nini watu wanazeeka? Aliona kuwa katika utumbo mpana mna bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula na kutoa sumu, na kwamba sumu hiyo hupenya mwilini. Akasikia kuwa wakulima wa Bulgaria wanaokula maziwa machachu huishi miaka mingi. Mwaka 1905 kijana wa Kibulgaria, Stamen Grigorov, aliyekuwa akisoma Geneva, alimpata bakteria wa mtindi wa kwao. Mechnikov akawa anakunywa maziwa machachu kila siku, na akaandika kuwa bakteria hao huenda wakawazuia wale waozeshaji.

Waswahili husema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Khabari za Mechnikov zilipoenea, wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani walijaza magazeti matangazo ya vidonge vya maziwa machachu, kila mmoja akiahidi umri mrefu. Mechnikov mwenyewe alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71. Kisha Leo Rettger wa chuo kikuu cha Yale akaonyesha kuwa yule bakteria wa Bulgaria hafanyi makao katika utumbo wa mwanadamu. Hupita njia tu, kama msafiri.

Lakini shina la fikra yake halikuwa la upuuzi. Kazi iliendelea. Mwaka 1930 Minoru Shirota wa Kyoto, Japani, alichagua bakteria wanaoweza kustahimili asidi ya tumbo, na mwaka 1935 kinywaji chake kikaanza kuuzwa. Na mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa chakula na afya walikutana katika mji wa Córdoba, Argentina, wakaweka maana ya neno "probiotiki": ni vijidudu vilivyo hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha humletea faida ya afya mwenye kuvitumia. Angalia masharti hayo: viwe hai, viwe vya kutosha, na faida ithibitike. Si kila kichupa kinayatimiza.

UBONGO UNALISHWA NA UTUMBO

Wakati Pasteur na wenzake wakitazama mapipa, wengine walikuwa wakitazama akili. Mwaka 1881 Carl Wernicke wa Ujerumani aliandika khabari za wagonjwa watatu ambao macho yao yalishindwa kugeuka, miguu ikayumba, na akili ikachafuka, kisha wakafa. Wawili walikuwa walevi. Wa tatu alikuwa mwanamke kijana ambaye hakuwa mlevi. Alikuwa amekunywa asidi kali, tumbo lake likaungua, akawa hawezi kukaa na chakula. Mwaka 1887 Sergei Korsakov wa Moscow alieleza walevi waliopotewa na kumbukumbu kiasi cha kusahau mambo ya saa ile ile, wakajaza pengo kwa kubuni visa.

Mlevi na mwenye tumbo lililoungua wamekutana wapi? Jawabu lilitoka mbali, katika kisiwa cha Java. Huko, miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakipooza, na waliporudishiwa mchele wenye kumvi ya ndani wakapona. Katika ganda lile mlikuwa na kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila yake. Mwaka 1926 Jansen na Donath walikipata kikiwa safi, huko huko Java. Leo tunakiita thiamini, au vitamini B1.

Ubongo hauwezi kutumia sukari bila ya thiamini. Na kileo hufanya mambo mawili kwa pamoja: mlevi hula kidogo, na hata akila, utumbo wake ulioguswa na kileo hushindwa kuipokea thiamini vyema. Basi mgonjwa wa Korsakov akili yake iliharibikia mezani na tumboni kabla ya kuharibikia kichwani.

Njia nyingine ilionekana mwaka 1893 huko St. Petersburg. Ivan Pavlov na wenzake waliwapasua mbwa ili damu inayotoka matumboni isipite tena kwenye ini. Mbwa wale walipolishwa nyama walipumbaa, wakayumba, wakashikwa na kifafa. Ikajulikana kuwa ini ni bawabu anayesafisha kinachotoka utumboni, na bawabu akiondoka, sumu hupanda kichwani. Hali hiyo ndiyo ya mlevi ambaye ini lake limekakamaa: bakteria wa utumbo wake hutoa amonia, ini haliwezi kuisafisha, na mtu huanza kusahau, kubadilisha usiku na mchana, mpaka anazimia.

Na tazama dawa ilikotoka. Mwaka 1966 Johannes Bircher na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa kama hao hupata nafuu kwa kunyweshwa laktulosi, nayo ni sukari inayotengenezwa kutokana na sukari ya maziwa. Mwili hauisagi. Hufika utumbo mpana, bakteria huila, huleta uchachu, na uchachu huo huikamata amonia ikatoka na choo. Mgonjwa aliyekuwa hajui jina lake huanza kuwatambua wanawe. Mpaka leo dawa hii ni ya mwanzo kutumika.

UKUTA UNAOVUJA

Mwaka 1984 madaktari wa London, Bjarnason na wenzake, walipima utumbo wa walevi kwa kuwapa kitu ambacho kwa mtu mzima hupenya kwa uchache sana. Kwa walevi kilipenya zaidi, na kwa baadhi yao hali hiyo iliendelea hata siku kadhaa baada ya kuacha. Ukuta wa utumbo, ambao kazi yake ni kuruhusu chakula na kuzuia uchafu, ulikuwa unavuja.

Kinachovuja ni nini? Ni vipande vya maganda ya bakteria. Vikiingia katika damu hufika kwenye ini, na ini huvimba. Uvimbe huo hutoa ishara katika damu, na ishara hizo hufika mpaka ubongoni. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji waliwapima watu waliokuwa wakiacha pombe hospitalini. Wale ambao utumbo wao ulivuja zaidi ndio waliobaki na huzuni zaidi, wasiwasi zaidi, na hamu kubwa zaidi ya kunywa, hata baada ya wiki tatu bila ya tone.

Hapo utaelewa kwa nini mtu huapa asubuhi akavunja jioni. Dhambi ni dhambi, na kila mtu ataulizwa kwa hiari yake. Lakini ndani ya mwili wake mna moto unaomwita, na moto huo aliuwasha mwenyewe kwa kile kile kinachomwita.

Tena, kileo hubadilisha wakazi wa utumbo wenyewe. Mwaka 2019 ilichapishwa kuwa baadhi ya wagonjwa wenye uvimbe mkali wa ini wa pombe wana aina ya bakteria, Enterococcus faecalis, anayetoa sumu maalumu ya kuua chembe za ini. Kati ya waliokuwa na sumu hiyo, asilimia 89 walifariki katika siku 180. Kati ya wasiokuwa nayo, hawakufika asilimia 4.

NA VIDONGE JE?

Sasa turudi kwenye kichupa cha yule bibi. Je, probiotiki zinasaidia? Insafu ni kusema yote mawili.

Mwaka 2008 ilichapishwa kazi iliyofanywa Urusi kwa wanaume 66 waliolazwa kwa ajili ya ulevi. Baadhi yao walipewa bakteria wa aina mbili kwa siku tano. Vipimo vya ini vyao vilikuwa bora kuliko vya wenzao waliopata matibabu ya kawaida tu. Hiyo ni khabari njema. Lakini isome vizuri: wote walikuwa hospitalini, na wote walikuwa wameacha kunywa. Hakuna aliyepewa vidonge mkono wa kulia na gilasi mkono wa kushoto. Na kazi ilikuwa ndogo, ya siku chache. Haikuonyesha kuwa ubongo umepona wala umri umeongezeka.

Na mwaka huo huo wa 2008 Uholanzi ilitoa khabari ya kutisha. Wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho, maradhi ambayo pombe ni moja ya sababu zake kubwa, waligawanywa mafungu mawili. Waliopewa probiotiki walikufa asilimia 16, na waliopewa dawa bandia walikufa asilimia 6. Vijidudu vilivyodhaniwa kuwa rafiki viliingizwa katika mwili mahututi, vikawa mzigo. Basi mgonjwa mahututi asinunuliwe vitu hivi dukani bila ya shauri la daktari.

Na wale wanaosema kidogo hakidhuru, wajue kuwa mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliandika vileo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kuitwa salama.

JAWABU

Wiki ilipotimia, yule bibi alikuja tena. Nilimwambia hivi.

Kwanza, mtindi ni chakula chema. Mpe mwanao, na ule na wewe. Lakini hakuna mtindi wala kidonge kinachougeuza mvinyo kuwa maziwa. Anayemeza dawa ili aendelee kunywa ni kama anayeziba jahazi kwa pamba huku mwenziwe anatoboa kwa patasi.

Pili, mlango haujafungwa. Mwenye kuacha, ukuta wa utumbo wake huanza kujijenga upya katika wiki chache, ini ambalo halijakakamaa hupungua uvimbe, na ubongo nao hurudisha sehemu ya nguvu zake katika miezi inayofuata. Si wote hurudi kamili. Mgonjwa wa Korsakov aliyechelewa mara nyingi hubaki na kasoro. Ndiyo maana kesho ni mbali.

Tatu, aliyezoea kunywa sana kila siku asikatizwe ghafla nyumbani kwa kufungiwa chumbani. Anaweza kushikwa na kifafa na kuweweseka, hata akafa. Apelekwe hospitali, na huko daktari atatazama pia suala la thiamini. Kumficha kwa sababu ya haya ni kumwongezea khatari.

Nne, msimlaani. Imepokewa kuwa mtu mmoja aliletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, na mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Mtume (S.A.W.) akamkataza, akasema kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ya sharia ilipita, lakini udugu haukukatwa.

Bibi alinyamaza. Kisha akauliza, "Sasa leo usiku akija, nimwambieje?"

"Mwambie chakula kipo," nilisema. "Mwambie na mimi naja kesho baada ya Alfajiri, tufuatane sote watatu kwa daktari."

Alikirudisha kichupa katika pembe ya leso, akaondoka. Asubuhi nilibisha hodi. Aliyefungua mlango alikuwa kijana mwenyewe, macho mekundu, amevaa shati safi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, na awape wazazi wao subira na hekima. Amin.